Redio Yangu Haikwaruzi

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mama mkwe anastaafu. Magoti yamemchosha. Ijumaa atachagua msimamizi wa karakana yake ya ushonaji. Sare za shule zimerundikana hadi dirishani, mteja anazitaka Jumamosi, na mafundi wanahitaji mtu wa kuwaongoza.

Wanaofaa ni wawili. Mimi, mume wa binti yake, mtu wa mipango. Na Bi Vifungo, ambaye sifa zake ni kushona vifungo na kumiliki redio.

Redio yenyewe sasa! Kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira. Antena ni henga ya chuma, ile ya kutundikia nguo. Inakwaruza kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Lakini mafundi wanampenda huyo mama kupita kiasi, kwa sababu anajua stesheni gani ina nyimbo za kuchangamsha asubuhi, ipi ina za taratibu watu wakishatoka kula, na saa tisa macho yanapokuwa mazito ahamie wapi. Anazungusha kitufe bila hata kuinua uso.

Nimegundua jambo. Mwenye redio ndiye mwenye karakana. Mpango umeiva.

Jumanne, 4 Machi

Nina redio ya dijitali! Nyeusi, inang'aa, ina kioo kinachoandika jina la stesheni. Fundi redio wa mtaa wa nyuma amekubali kubadilishana na baiskeli yangu. Mke wangu ameuliza nitakwenda kazini na nini. Nimemwambia msimamizi haonekani juu ya baiskeli. Amesema ni kweli, ataonekana chini, akitembea.

Nimefika nimechelewa, shati limelowa jasho. Nikawasha. Sauti! Mtangazaji akimeza mate, unasikia. Akigeuza karatasi, unasikia. Mkataji ameacha mkasi wazi hewani, akasema lo, kama yumo humu ndani! Nikamtupia Bi Vifungo jicho la pembeni. Akanipongeza. Akazima yake. Akauliza kwa upole nyimbo zinaanza saa ngapi.

Mtego huo. Nimejibu kwamba sauti safi namna hii haihitaji nyimbo.

Jioni. Kumbe humu ndani inanasa stesheni tatu tu. Ya kwanza ina daktari anayezungumzia meno. Ya pili, bei za saruji na mabati. Ya tatu inapiga muziki: nyimbo nne, zilezile, zote za watu walioachwa. Si neno. Usafi wa sauti ndio unaohesabiwa.

Jumatano, 5 Machi

Kulikuwa na mchezo wa redio. Safi mno. Kwenye mchezo mlango ukabishwa, mpiga pasi wetu akaenda kufungua. Aliporudi, kaptura ilikuwa inafuka moshi.

Baadaye mama wa kwenye mchezo akafa. Alichukua dakika ishirini kufa, na kila pumzi tukaisikia. Mafundi wamelia hadi uzi hauingii kwenye sindano. Fundi Kola, mzee asiyekosea kamwe, ameshona kola viunoni.

Hata hivyo bado hatukupata utamu wote, kwa sababu cherehani zina kelele. Nimeomba watu wakanyage polepole. Wamenitii. Leo tumemaliza sare kumi na moja. Juzi zilikuwa arobaini. Nashuku uzi ni mbovu.

Alhamisi, 6 Machi

Uasi! Fundi Kola amesimama kwa niaba ya wenzake. Amesema redio yangu ni nzuri sana, na kwa uzuri huo inastahili kukaa nyumbani kwangu. Nikawaambia masikio yao yameharibika. Akanitazama juu ya miwani.

“Bwana Mipango, mwanangu, mimi sina haja ya kumsikia mtu akimeza mate. Nataka kitu cha kuusukuma huu mguu.”

Walipokwenda kula, nikaichomoa ile henga. Ili isijulikane ilipo, nikaitundikia koti la mteja na kulichanganya na makoti mengine. Akili hiyo! Saa nane mteja akaja, akachukua koti lake. Na henga ndani yake.

Redio ya Bi Vifungo ikabaki kukoroma. Nikainuka kuwasha yangu, nimevaa uso wa msiba. Mara yule mama akaanza kuimba! Yeye mwenyewe! Sauti kama bawaba isiyoonja mafuta. Lakini akachagua wimbo uleule ambao ungepigwa saa hiyo. Mkataji akaitikia. Mpiga pasi akashika mapigo kwa kugonga meza. Fundi Kola akaongeza sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

Sare hamsini na tatu. Sijui uzi umeponaje.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya siku. Nilimwandalia mama mkwe kiti chenye mto, ubavuni mwa redio yangu. Nikaomba wote wanyamaze, cherehani zisimame. Daktari wa meno alikuwa hewani, anang'aa kama kioo.

“Shikamoo, mama. Unaisikiaje sauti?”

“Eee?”

Nikaongeza.

“Eee?”

Nikaongeza hadi daktari akapiga kelele kuhusu ufizi. Mama akatabasamu kwa adabu. Hapo mteja wa jana akaingia ameshika henga. Akasema haikuwa yake, na kwamba jana, alipochungulia wakati wa chakula, alimwona yule bwana mwenye redio nzuri akiitundikia koti. Bi Vifungo akaipokea, akashukuru, akaichomeka mahali pake. Mkwaruzo ukarudi, na ndani ya mkwaruzo, ngoma.

Mama mkwe akainama. Nilidhani ni magoti. Kumbe anachungulia chini ya meza. Miguu yote ilikuwa inapanda na kushuka pamoja kwenye makanyagio. Mguu mmoja tu haukuwa na kanyagio, lakini nao ulikuwa unapiga sakafu. Ulikuwa wangu.

“Mkwe wangu,” akasema, “sikio la kushoto lilikufa zamani, na la kulia liko njiani. Mafundi wangu nawasikiliza miguuni. Hapa naona karakana. Pale mwanzo niliona watu wanasubiri daktari.”

Msimamizi ni Bi Vifungo. Amri yake ya kwanza: nifumue zile kola za viunoni. Aliniomba kwa upole. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Jumamosi, 8 Machi

Sare zimekwenda kwa wakati. Walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nafumua na kutafakari.

Kosa nimeliona! Redio yangu haina dosari. Tatizo ni masikio ya mama mkwe. Asingekuwa na shida ya kusikia, leo ningekuwa msimamizi. Nimemwambia mke wangu kwamba tumtafutie mama kifaa cha kusikilizia.

Amecheka mpaka akakaa chini. Anacho, amesema, alinunuliwa zamani. Alikivaa siku moja, siku niliyokuja kumweleza mipango yangu, kisha akakifungia kabatini.

Nikauliza kama kilikuwa cha dijitali.

Hapana, akasema, cha kawaida.

Nilijua!