Pua Yangu Kwenye Ruracio ya Wanjiru

Wasee, leo nimeaibika. Tena si kidogo. Nimeanikwa kwa TV mbele ya wakwe wa watu.

Nianze asubuhi. Kaka yangu aliniachia kamera yake kubwa, ile ya vifungo vingi mpaka unaogopa kuishika. Nimekuwa nikijifunza kwa video za mtandaoni (wiki moja, na tayari najiita mtaalamu). Sasa jirani yetu hapa Tassia, Mama Wanjiru, alikuwa na ruracio ya binti yake, wageni wametoka Kakamega kuleta mahari. Akaniuliza kama naweza kupiga picha. Nikamwambia asijali, hiyo ni kazi yangu. Alinisihi kitu kimoja tu: nisikose pale bwana harusi anapomfunua Wanjiru leso. Dada mkubwa wa Wanjiru yuko Doha, amenyimwa likizo, na hiyo picha ameililia.

Sherehe ilikuwa juu kabisa ya ploti yetu, kwenye paa pale tunapoanika nguo. Nikafika na mikogo yangu. Kwanza nikaamuru kila mtu aweke simu mfukoni, ati wananiharibia fremu. Wakatii! Skrini ya kamera nayo nikaikunjia ndani, maana mwalimu wangu wa mtandaoni alisema mpiga picha wa kweli hachungulii-chungulii.

Wasichana wakaletwa wamefunikwa leso kutoka kichwani mpaka magotini, bwana harusi atafute wake. Akikosea, faini ni mbuzi. Akazunguka, akakagua miguu, akatambua viatu vyekundu, akafunua. Wanjiru! Vigelegele kila mahali. Mimi nikabonyeza. Kamera ikalia ti, ti, ti. Nikajua inafikiria (kamera ya bei, lazima ifikirie kwanza). Nikaigeuza nione kama lenzi imefunguka. Kla! Ah, kumbe imepiga. Basi nikashika mtindo huo huo: nabonyeza, inalia, nageuza, nachungulia, kla. Hivyo hivyo mpaka pilau ikaletwa.

Baada ya chakula Mama Wanjiru akasema picha ziwekwe kwa TV, wageni waone kabla hawajaondoka. Sebule ikajaa. Picha ya kwanza: pua yangu. Ya pili: pua yangu na jicho moja. Ya tatu sitaki kuielezea. Kumbe kaka yangu aliiacha kamera kwenye taima, ile ya kukupa nafasi ukimbie ujiunge na wenzako. Muda wote huo ilikuwa inanihesabia mimi.

Nyanya yake bwana harusi, ambaye macho yake yamechoka, akasogelea TV, akaikagua sura yangu taratibu, akauliza kwa upole, "Huyu ndiye tumeletea ng'ombe?"

Sebule ililipuka kwa kicheko. Mama Wanjiru hakucheka. Aliingia jikoni, nikamsikia analia, ati atamwambia nini mtoto wake wa Doha. Aki hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Bwana harusi, kijana mwema kabisa, akasema turudie tu. Wasichana wakafunikwa upya. Nikazima taima, nikafungua skrini, nikaomba watu wawili wahakikishe. Mama Wanjiru akasimama nyuma yangu ananihemea shingoni. Bwana harusi safari hii hakujisumbua. Alienda moja kwa moja kwa viatu vyekundu, akafunua leso kwa tabasamu kubwa. Nikabonyeza hapo hapo.

Alikuwa binamu ya Wanjiru. Wasichana walikuwa wamebadilishana viatu.

Na manze, hiyo picha imetoka safi! Hata nyusi unaweza kuzihesabu. Bwana harusi anatabasamu, binamu anatabasamu, na kando yao Wanjiru anachungulia chini ya leso yake na macho ya kuua mtu. Sasa amejifungia chumbani, amekataa kufunikwa tena na yeyote. Mama yake ameniagiza niifute.

Dada wa Doha bado anaandika kuuliza picha iko wapi. Nimemwambia mtandao wa Tassia unasumbua. Kama mna namba yake, tafadhalini, mnyamaze.