Upande wa Ukutani

Leo nimevuliwa nguo nikiwa ndani ya suti. Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua ile nafasi ya kuzunguka na pikapu ya kazini, tukigawa mbegu mpaka Mayoni. Nimeingoja miaka sita. Bosi alitaka leseni yangu mezani kufikia Ijumaa, la sivyo anampa Wekesa. Wekesa huyo nilimfundisha kazi mimi. (Hata kufunga tai nilimfundisha.)

Mkufunzi wetu wa udereva, Bwana Lumbasi, alinishauri nisubiri wiki mbili zaidi. Nikaona ananichelewesha tu. Nikashika simu, nikajiwekea tarehe ya mtihani iliyo karibu kuliko zote. Leo.

Nilijiamini kwa sababu ya meza. Kuna meza kubwa iliyochorwa barabara, unasukuma kigari cha kuchezea huku ukieleza unavyoendesha. Ukishindwa hapo siku ya mtihani, hugusi usukani. Kwenye shule yetu ya udereva meza hiyo iko kwenye chumba kidogo. Upande wa dirishani una nafasi. Upande wa pili unajipenyeza kati ya meza na ukuta. Kila siku nilifika mapema nikashika dirishani. Ukutani nikamwachia mwanafunzi mwenzangu, Mama Khasandi, muuza mboga wa Khayega. Akikosea, namrekebisha kwa sauti. Watu wakaanza kuniita Mwalimu. (Nilipenda. Nisiwadanganye.)

Jana tu aliniomba: "Mwalimu, si tubadilishane hata mara moja? Huku naonanga barabara imepinduka."

Nikamjibu, "Mama, barabara ni barabara."

Shikeni hayo maneno.

Leo nimeingia chumba cha mtihani nikakuta mtahini, mama mmoja mpole wa miwani, ameketi upande wangu. Kiti chake hapo, chai yake hapo. Akaninyooshea kidole nipite upande wa pili. Maegesho ninayoanzia siku zote yalikuwa kule mbele yake, na kigari kimenielekea mimi.

"Toa gari, pitia raundabauti, uende hospitali."

Nikataja vioo. Nikataja indiketa. Safi kabisa. Halafu nikashika kushoto. Kushoto kwangu mimi, si kushoto kwa gari. Nikaingia raundabauti kinyume na ulimwengu mzima, nikakutana uso kwa uso na lori la plastiki.

Nikasimama. Jasho likaingia kwenye kola.

"Samahani, madam. Tunaweza kubadilishana upande?"

Akaweka kikombe chini. "Na huko barabarani utamwomba nani mbadilishane?"

Foleni nzima nyuma yangu ilicheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Aliandika tu, akasema, "Rudi ufanye mazoezi, baba."

Aliyefuata alikuwa Mama Khasandi, naye tarehe yake ilikuwa leo. Akasimama palepale nilipokuwa nimesimama, akavuta leso yake vizuri, akakitoa kigari maegesho mpaka hospitali bila kugusa hata ukingo. Mtahini akamuuliza nani amemfunza.

"Ni Mwalimu, huyo hapo," akasema akinionyesha. "Alikuwa ananiachianga huku kila siku."

Alisema kwa shukrani ya kweli. Afadhali angenitukana.

Nimeketi nje kwenye ngazi, nikatafuta tarehe nyingine kwa simu. Ya karibu ni Jumanne ijayo. Ijumaa itakuwa imeshanipita. Nikampigia bosi nikamweleza, nikaacha tu ile sehemu ya lori.

"Hakuna shida," akasema. "Wekesa ataendesha. Wewe utakuwa unakaa na yeye umwonyeshe njia."

Miaka sita, jamani. Nina uchungu hadi chai imenishinda.

Basi kuanzia Jumatatu mkiona pikapu ya mbegu ikipita Lubao, mimi ndiye yule wa kushoto, nimekumbatia faili. Mkitaka kunipungia mkono, pungeni. Meno yabaki ndani.