Vita vya Idarus na Sufuria ya Uji wa Mtama

Enyi watu wa Jomvu Kuu, na nyinyi jirani zao wa Mikindani na Miritini, wekeni chini vikombe vyenu, kazeni shuka mabegani, mnyamaze mnisikize. Maana nawaletea habari ya shujaa ambaye mfanowe hakuonekana pwani hii tangu bahari kutiwa chumvi. Ndiye Idarus bin Aqil, Mnyanyua Makontena, Bwana wa Minyororo, aliyekaa juu ya kreni ya bandari miaka thelathini akishusha mizigo ya melini wala asiangushe hata sanduku moja. Mtu huyu, mabwana na mabibi, aliingia jikoni akapika uji. Ewe Mola, nipe pumzi niyaseme yote kwa utaratibu wake.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Kipupwe kilikuwa kimeshuka na majeshi yake yote, hata watu wazima wenye heshima zao wakaonekana mchana kweupe wamevaa soksi. Watu wa bara hutucheka, husema hii si baridi. Nao wacheke, sisi tunakohoa. Baridi hiyo ndiyo iliyomwangusha Bi Wardah, mkewe Idarus, malkia wa nyumba ile. Mafua yakamziba, homa ikamlaza, na kwa siku mbili hakutia kitu kinywani ila maji. Daktari wa zahanati alimpima, akampa dawa, akasema kifua ni kizima lakini lazima ale.

Idarus akafanya alilolijua. Akaagiza biriani mkahawani. Bi Wardah akageuza uso ukutani. Akaleta matufaha ya ng'ambo, kila moja limebandikwa karatasi yake, na kuku wa kukaanga, na chipsi, na soda mbili. Vyote vikarudi mezani vimeshindwa. Hapo Idarus akaogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa kwelikweli, kwa kuwa katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumwona mke yule akikataa biriani.

"Ewe nuru ya nyumba hii!" akasema asubuhi ya tatu, amesimama mlangoni, mkono kifuani. "Taja ukitamanicho, hata kiwe nyuma ya bahari saba, nami nitakileta au nisirudi!"

"Uji," akajibu Bi Wardah, sauti ikitokea puani. "Uji wa mtama, na tangawizi, na ndimu. Unga umo kwenye mkebe wa buluu, hapo jikoni. Urudi tu."

Shujaa akajifunga kikoi, akautwaa mwiko, akaingia katika nchi ile ambayo mguu wake haukuikanyaga ila kwa kupita kwenda uani. Akateka maji, akayabandika, yakachemka kwa ghadhabu. Naye bila kusita akayamwagia unga, vikombe vitatu kwa mpigo mmoja. Lo! Mabonge yakainuka toka vilindini, makubwa kwa madogo, akayapiga mwiko kushoto na kulia, na kila alilolipasua lilikuwa na unga mkavu tumboni. Alipigana mpaka jasho likamtoka kidevuni. Mwisho akawamwagia kuku uani, na kuku wakala wakimtazama kwa huruma.

Mara ya pili mabonge yalipungua. Lakini shujaa aliuacha mwiko akaenda dirishani kupunga upepo, na adui akamzunguka kwa chini. Uji ukaungua, moshi ukatanda, ukavuka ukuta mpaka kwa jirani yake Mweri, aliyekuwa akichuma mchicha.

"Shikamoo, Mzee Idarus!" akaita Mweri. "Nyumba yawaka?"

"Marahaba, mwanangu. Nyumba i salama. Ni mimi napika."

Mweri akaunusa ule moshi. "Basi afadhali ingewaka," akasema. "Wapika nini?"

Fikirini uzito wa saa ile! Mtu ambaye manahodha walingoja ishara ya mkono wake, leo yu mbele ya ukuta, masizi puani, na siri yote imo kwenye sufuria. Angeweza kusema uongo. Akakumbuka uso ulioelekea ukutani, kiburi kikamtoka.

"Uji wa Bi Wardah," akasema. "Yu mgonjwa, biriani kaikataa, hata soda kazikataa. Mwanangu, nimeshindwa. Nifundishe."

"Basi nisikize, Mzee wangu. Unga ukoroge kwanza na maji baridi mpaka uwe laini. Maji yakichemka, mimina pole pole, huku wakoroga. Mkono usisimame, hata nyoka akipita! Ukiiva, epua, kisha ndo ukamulie ndimu." Akamrushia ndimu mbili na fundo la mchicha. "Huu umpikie jioni, na kunde. Na hizo soda zako mpe paka."

Vita vya tatu vikaanza. Shujaa akakoroga. Simu ikalia rafuni: ni Mahfudh, swahiba wake wa barazani, akimwita kwenye mchezo wa dhumna. Ikalia mara moja, mara mbili, mara tano, na mkono haukusimama. Uji ukaruka ukamchoma kidole cha mguu, akataja jina la Mungu, akaendelea kukoroga. Ukawa mzito, ukang'aa. Akaepua, akautia tangawizi na ndimu, akauchukua kikombeni hatua kumi na moja hadi chumbani, pasipo kumwaga tone.

Bi Wardah akanusa. "Nani alopika?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanywa. Funda la kwanza, la pili. La tatu akasita, akatafuna.

"Kuna bonge," akasema Bi Wardah.

"Wallahi ni hilo hilo moja!"

Akalitafuna taratibu, huku amemwangalia usoni, akalimeza. Akaumaliza uji wote, akamnyoshea kikombe kitupu. "Niongeze," akasema. "Na ukiona bonge jingine, usilitoe."

Idarus akageuka haraka, machozi yasionekane.

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: Jumanne, saa nne ya asubuhi, hapa Jomvu Kuu, uji ulipikwa ukanyweka, na sufuria ikapanguswa kwa kidole. Tena na iandikwe kwamba Idarus bin Aqil, Mnyanyua Makontena, aliisaka sufuria ile yote kwa mwiko, pembe hadi pembe, akitafuta bonge la kumpelekea mkewe, na hakulipata hata moja.