Bega Langu Si Fimbo ya Zahanati

Itaka, Mbozi
12 Juni 2011

Kwa Muuguzi Tabita, zahanati ya kijiji

YAH: KUOMBA MUME WANGU APEWE FIMBO

Binti yangu Tabita,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo, isipokuwa heshima yangu, ambayo inaumwa tangu ulipomfundisha Baba Anyitike kutembea.

Sikatai kwamba vumbi la mashine ya kukobolea kahawa limemharibu mapafu. Akipanda kilima anahema, miguu inayumba. Siku ile alipoanguka njia ya kisimani nilijua nimekuwa mjane. Lakini dawa yako, kwamba kila siku atembee ameshika bega la mkewe, ndiyo ninayoilalamikia:

1. Tangu anioe, yeye hutangulia, mimi hufuata na mzigo. Sasa mwenye bega ndiye anayetangulia. Mzee wa kanisa Hezron ameniuliza, mbele ya kwaya nzima, harusi yetu ya pili ni lini.

2. Umeagiza kila asubuhi asimame kwa mguu mmoja. Anasimama uani, amenishika, kuku wanatutazama. Moshi nao umeukataza, kwa hiyo napikia nje, na majirani wanaijua mboga yetu kabla hatujaila.

3. Pumzi ikimwishia tunapumzika, na ikirudi anaongea. Mwanamume aliyekuwa akiomba chumvi kwa kunyoosha kidole! Juzi, penye migomba ya jirani, akasema: "Ketrina, bega hili limebeba kahawa yangu yote." Jina langu hilo mara ya mwisho nililisikia kwa mchungaji, siku ya ndoa. Nikamwambia anyamaze, pumzi ni ya kupandia kilima. Nilitembea nimeinama hadi nyumbani, watu wasinione uso.

4. Ugonjwa sasa unaambukiza wazima. Jirani yangu Jenista amemtaka mumewe naye amshike bega. Mume, kifua chake kizima, amekataa, na Jenista amerudi kwao. Ukiendelea hivi, Mbozi nzima itabaki bila ndoa.

Kwa hiyo, kama nilivyokuomba kwa mdomo Jumapili iliyopita, naomba fimbo ya mti mgumu, ili atangulie kama mwanamume na mimi nifuate kwa amani.

Nisalimie mama yako, wauguzi wenzako, hata yule mlinzi wenu anayecheka tukipita.

Ni mimi niliyekosewa,
Ketrina, Mama Anyitike

N.B. Mlinzi ameileta fimbo kabla sijafunga bahasha. Ni nzuri, ngumu kweli. Nimeipasua kuni, nimechemshia maharage, huko huko nje. Mzee wangu akikuuliza, mwambie fimbo zimeisha.