Halwa ya Askari wa Ufaransa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Baraza ya kahawa leo ilikuwa yangu. Bassam, mtoto wa dada yangu Suhaila, amepata kazi ya ufundi wa mashine Uhispania. Atatua Ujerumani kwa rafiki yake Ronny, ataazima pikipiki, atakata Ufaransa yote, aingie kazini. Nikawaambia njia hiyo naijua kama ushoroba wa nyumbani kwangu. Ulaya nimeizunguka kwa pikipiki, enzi zangu. Askari wakinipigia saluti! Nicanor akaguna. Huyu ndiye babake Ronny, karani mstaafu wa makontena Shimanzi. Hutoka kwake Buxton akaja kunywa kahawa yetu na kutuharibia hadithi. Akasema, Bwana Gharib, meli yenu ilitia nanga Marsei, Ufaransa, wewe ukashinda jikoni ukimenya viazi.

Uongo mtupu! Vilikuwa vitunguu.

Jumanne, 13 Mei

Nicanor tena, na maneno ya mwanawe. Eti Ulaya askari hukusimamisha njiani bila kosa. Anataka leseni, kibali cha kimataifa cha kuendesha, bima, kadi ya pikipiki. Eti Ufaransa hata glavu ni sheria. Glavu! Kwani kijana anakwenda kudaka mpira? Watu wakacheka, nikapata nguvu. Nikasema askari wa Ulaya hasomi karatasi, anasoma uso.

Bassam akanivuta kando. Mjomba, kile kibali cha kimataifa sijachukua, ndege ni Alhamisi, na ofisini wameniambia ningoje wiki ijayo. Afadhali nisogeze safari? Nikampiga begani. Babake alipofariki ni mimi niliyemshika mkono kumpeleka madrasa. Leo nishindwe na kijitabu?

Jumatano, 14 Mei

Biashara Street, kwa Abdulbasit, mchapaji wa kadi za harusi. Akasita. Akasema yakhe, haya ni mambo ya serikali. Nikamwambia ni pambo tu, la kumtuliza kijana. Adhuhuri kibali kikatoka. Jalada la kijivu, herufi za dhahabu zilizoinuka, waridi pembeni kwa sababu bamba lake la waridi limekwama kwenye mashine. Kinashinda cha serikali! Bassam alikitazama muda mrefu. Akauliza mbona kinanukia udi. Nikamwambia ndivyo vya kisasa. Akakitia mfukoni. Mjomba habishiwi.

Nikampa na halwa, kipande kizima katika kikapu cha ukili. Askari akikusimamisha usikimbilie karatasi. Salamu kwanza, ndefu, umuulize na watoto. Halafu halwa. Si hongo, ni heshima. Kwetu nani huingia kwa watu mikono mitupu?

Suhaila amezivua bangili zake za harusi akaziuza, ndipo tiketi ikapatikana. Jioni alinishika mkono. Akasema, kakangu, huyu ndiye macho yangu, usinipofue. Nikacheka. Wanawake wana hofu za bure.

Jumapili, 18 Mei

Bassam amepiga simu kutoka kwa Ronny. Kesho anaondoka, na lazima aripoti kazini mwisho wa wiki. Bima anayo, kadi ya pikipiki anayo. Ronny amempa glavu zake nzito. Nikamwambia aziache, mikono itavuja jasho itelezeshe halwa. Ameziacha. Kijana msikivu!

Jumanne, 20 Mei

Balaa.

Ronny amempigia babake, babake akanijia barazani. Askari alimsimamisha Bassam Ufaransa kwa sababu ya mikono isiyo glavu. Faini tu, angelipa aende. Lakini Bassam akaanza salamu. Akamuulizia watoto. Askari akarudi nyuma hatua. Bassam akaombwa kibali, akatoa halwa, akasema kama nilivyomfundisha: zawadi yako, afande, tuelewane. Kisha akatoa kibali. Askari wakakiangazia taa. Wakakikwaruza waridi. Wakakinusa.

Yuko ndani. Kughushi kibali, kumhonga askari. Pikipiki ya Ronny imezuiliwa.

Nicanor hakunicheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikaa akitazama kikombe chake mpaka kahawa ikapoa, akaenda zake bila kuaga.

Jumatano, 11 Juni

Bassam amerudishwa. Kazi wamempa mtu mwingine. Ulaya haruhusiwi kukanyaga kwa miaka kadhaa. Alitoka uwanja wa ndege na mfuko wa plastiki, viatu havina kamba. Suhaila hakulia. Aliinama pale pale mbele za watu, akamrekebishia ulimi wa kiatu kama anayemwandaa mtoto kwa chuo cha Kurani. Mikono yake mitupu hata mimi niliiona.

Kwenye gari nilijaribu kuwachangamsha na kisa changu cha milima ya theluji. Bassam akauliza neno moja tu. Mjomba, huko Marsei ulishuka melini?

Nikatazama dirishani. Malori ya bandarini yalikuwa mengi mno leo.

Sahani yangu ya chakula, ambayo Suhaila huniletea kila mchana tangu nifiwe na mke, haikuja. Nikala mkate.

Ijumaa, 13 Juni

Sahani haikuja tena. Barazani wamesogea, nafasi yangu amekaa Nicanor. Dada yangu nilimpa salamu mlangoni, akavuta pazia.

Nimefikiri sana siku hizi. Nimelala nikifikiri. Na kosa nimeliona, wallahi, liko wazi kama mchana. Ile halwa ilikuwa tupu. Mfaransa ni mtu wa lozi!

Fuad, jirani, anakwenda Italia mwezi ujao, na huko binamu yake ana pikipiki. Hajaniuliza kitu, ananikwepa hata msikitini. Lakini nimeshamnunulia halwa, ya lozi, imejaa mpaka juu. Abdulbasit amekataa kunifungulia. Nimechungulia dirishani kwake. Bamba la waridi ameling'oa, ametia jipya. Njiwa wawili wanabusiana.

Italia watalipenda.