Bahasha ya Mabati

Jumapili, 2 Juni

Leo tumefundishwa kustaafu. Mgeni kutoka Accra, shemasi mwenye tai ya dhahabu, katueleza saa nzima habari za fedha za Mkristo na uzee wake. Yusufu alijaza maghala kabla ya njaa. Anayejenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu. Sadaka ipangwe nyumbani, na mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Baba aliitikia amina kuliko wote. Mpaka akaandika! Nikafurahi. Baba anastaafu ualimu mwisho wa Agosti, siku hiyo hiyo tunatoka kwenye nyumba ya shule, na nyumba yetu wenyewe haina paa. Ina kuta, ina madirisha, ina vyura.

Kisha ikaja sadaka ya siku za kuzaliwa. Mabeseni saba mbele, kila siku ya juma na beseni lake. Unacheza ngoma hadi kwenye siku uliyozaliwa, unatumbukiza, halafu katekista anatangaza mshindi kwa kipaza sauti. Mkono wa kushoto unajua. Stendi nzima ya magari inajua.

Baba ni Kweku, jina la aliyezaliwa Jumatano, na ndiye kiongozi wa watu wa Jumatano. Alhamisi wanaongozwa na Mzee Ekow Baiden. Katekista akatangaza kuwa Alhamisi wanaongoza. Baba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha iliyoandikwa MABATI, akaipunguza. Jumatano wakashinda.

Njiani Mama akauliza zile zilizokwenda zilikuwa bati za chumba gani. Baba akasema za varanda tu. Mabati yanaweza kusubiri.

Siku yangu, Jumanne, ilikuwa ya mwisho. Kama kawaida. Mimi sijawahi kucheza hadi mbele. Huwa nampa mtu aniwekee.

Jumanne, 4 Juni

Mvua. Nimekwenda na Mama kuangalia nyumba. Maji ya chumbani kwangu yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mama akasema itabidi tununue viatu vya mvua vya kulalia.

Lazima nifanye kitu. Kusema na Baba siwezi. Mezani hata chumvi naiomba kwa macho. Lakini kushona najua.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeushona mfuko wa koti la Baba, bahasha ikiwa ndani. Nimetumia uzi wa nyavu na kurudia mshono mara mbili. Hakuna mkono wa binadamu utakaoingia humo. Najisikia kama Yusufu.

Jumapili, 9 Juni

Mkono haukuingia. Baba alihangaika mbele ya beseni, akijipinda huku na huku, watu wakadhani ameshukiwa na Roho, wakampigia makofi. Basi akavua koti. Akalilaza lote ndani ya beseni.

Jumatano walipagawa. Mama mmoja alizirai kidogo. Katekista akaufumua mfuko kwa mkasi, bahasha yote ikahesabiwa. Koti lenyewe likapigwa mnada palepale, kama kitu chochote kinachotolewa badala ya pesa. Aliyelinunua ni Mzee Baiden, na bei ikaandikwa kwa Alhamisi. Alhamisi wakashinda. Waliwazidi Jumatano kwa koti la Baba.

Baba amerudi nyumbani na shati tu. Amesema aliyelishona lile koti kiwandani ni fundi kweli kweli.

Jumatano, 12 Juni

Mama ameuza vitenge vyake vya harusi, vile vya sandukuni. Niliona tu sanduku liko wazi. Fedha amenikabidhi mimi, maana Baba ameshaanza kunusanusa.

"Kaa nazo wewe," akaniambia. "Huna ulimi, huna miguu ya kucheza. Nakuamini."

Jumatatu nizipeleke dukani kwa Mzee Baiden, mzigo mpya utakapofika. Ndiye muuza mabati pekee hapa mjini. Ndiyo, yeye huyo huyo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimewaza. Paa likishapatikana kuna milango. Kuna choo. Ugomvi huu usipokwisha, Baba atatoa mpaka sinki. Nikaamua kwenda kwa adui.

Nimesimama nje ya duka hadi Mzee Baiden akaniuliza nimeajiriwa na nani kulinda. Nikanunua misumari. Nikaondoka, nikarudi, nikanunua misumari mingine. Mara ya tatu nikayamwaga maneno yote kwa pumzi moja huku nikitazama ndoo. Alikuwa amevaa koti la Baba. Linambana. Nikamwomba Alhamisi watoe kidogo Jumapili hii, Baba naye apate kupumua.

Akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Binti, wewe unadhani mimi nafaidi? Tangu Krismasi baba yako hajanunua kwangu hata bati moja. Hela yote anaipeleka kanisani kunishinda. Na mimi nakopa kumshinda yeye. Mke wangu siku hizi ananiita Bwana Alhamisi."

Tukakubaliana. Baba alipopata habari alisema kama Alhamisi wameishiwa, yeye si mtu wa kumkanyaga aliyelala. Noti moja inatosha.

Nimefanikiwa! Mimi, Araba!

Jumapili, 16 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Mzee Baiden alitoa noti moja. Baba noti moja. Wakapeana mikono mbele ya kanisa zima. Mama akageuka akanitabasamia, na tabasamu la Mama sijaliona tangu mvua zianze. Hapo ndipo ningepaswa kufunga Biblia nikaenda zangu nyumbani.

Lakini katekista akatangaza hali ilivyo. Ijumaa wanaongoza. Wa pili, Jumanne.

Jumanne! Watu wakageuka kututazama kama vile benchi limeongea. Nilikuwa sijawaza kwamba wakubwa wakipumzika kuna wengine wanabaki. Nana Araba, kiongozi wetu, yule bibi muuza kenke, madonge ya unga wa mahindi, akaniinamia sikioni. "Wajina, nimezeekea mkiani mwa hili kanisa. Leo tumepungukiwa kidogo tu. Kidogo tu, mjukuu wangu."

Hela za Mama zilikuwa ndani ya Biblia yangu, kwenye Luka, pale penye mnara. Sikuthubutu kuziacha nyumbani. Nilinuia kutoa noti moja. Kweli nilinuia hivyo.

Ngoma ikalia.

Nimecheza hadi mbele. Peke yangu, katikati ya njia, kwa madaha, na leso juu. Watu wanasema nacheza vizuri sana, walikuwa hawajui. Jumanne tumeshinda kwa mbali. Nana Araba alilia. Na mimi nikalia. Niliporudi kukaa, Mama alikuwa hatabasamu tena, na Luka alikuwa amebaki mwembamba.

Jumanne, 18 Juni

Mama haongei. Anapika, anaweka sahani, anaondoka. Baba ananielewa mno. Amenipa kichwa cha samaki, ambacho hajawahi kumpa mtu, na kuninong'oneza kwamba kuna mambo hayaelezeki kwa mtu aliyezaliwa Jumapili kama Mama.

Mchana amekuja mke wa mwalimu mpya kupima madirisha yetu. Anataka kushona mapazia. Akauliza kwa upole sisi tunahamia wapi.

Mama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Kwa vyura," akasema.

Nimejuta. Nimejuta kabisa, nimepiga magoti, nimetubu. Nimejipangia akiba kama shemasi alivyofundisha: kwanza paa, kisha milango, sadaka kiasi kinachojulikana, na wala sitachungulia beseni la mtu. Nimeomba nipewe moyo wa Yusufu.

Ila Nana Araba amepita jioni na kenke ya bure. Anasema Ijumaa wanajipanga. Wamefanya kikao. Wamesema Jumanne ilibahatisha.

Ilibahatisha!

Nimefikiri kwa utulivu, kwa hesabu, bila tamaa yoyote. Kitanda changu ni cha mbao. Kule tunakohamia kitaloa na kuoza, na huo ni uharibifu wa mali ambayo Mungu ametukabidhi. Mkristo mwenye akili hukiuza mapema. Nimeshapata mnunuzi, fedha ataleta Jumamosi.

Mabati yanaweza kusubiri.