Glavu ya Mkono Mzima

Jumatatu, 3 Juni

Nimekubaliwa! Kuanzia leo mimi ni mtu wa utafiti.

Miezi minne sasa tangu kiharusi kinipige dukani, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi na mteja akiwa na nusu kichwa. Mungu mkubwa. Mdomo umerudi. Mguu umerudi. Mkono wa kulia ndio bado. Unainuka, unakamata, halafu unaachia bila kuuliza mtu. Nimeupa jina: Mstaafu. Kinyozi wa miaka ishirini na saba, na mkono umestaafu bila hata barua.

Kwenye kitengo cha mazoezi nilipokewa na mtaalamu wa tiba ya viungo, dada mfupi, mcheshi, mwenye viatu vya mpira. Namwita Dada Viungo. Yeye ananiita baba. Alinieleza mambo yote mara mbili bila kutazama saa. Wagonjwa wa kiharusi wanagawanywa mafungu mawili kwa bahasha. Fungu moja linapewa mazoezi ya kawaida. La pili mazoezi yaleyale, ila mkono mzima unavishwa glavu saa sita kila siku, kwa wiki tatu, ili mkono mgonjwa ukose pa kukimbilia. Wanataka kujua njia ipi inasaidia zaidi. Naweza kujitoa siku yoyote na hakuna atakayeninunia.

Bahasha yangu: glavu! Bahasha ya jirani yangu kwenye benchi, mzee mrefu aliyekuwa msambaza barua: mazoezi ya kawaida. Akatabasamu. Nimemwita Posta. Tabasamu lake sikulipenda.

Jumanne, 4 Juni

Glavu ni nene, kidole hakionekani wala hakisikii. Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Chai: kwenye shati. Chakula cha mchana: kwenye shati la pili. Kufunga kifungo kimoja: dakika kumi na moja, tena kwenye tundu lisilo lake.

Mke wangu ameagizwa asinisaidie. Anatii amri za hospitali kuliko alivyowahi kutii zangu.

Saa tano nikapata akili. Glavu ni glavu! Nikaihamishia kwenye mkono wa kulia, nikakaa dirishani na gazeti, mtu wa raha zake. Mke wangu akapita na ndoo. Akarudi kinyumenyume. Akaniuliza, Baba Watoto, leo mkono mgonjwa ni upi? Nikasema uleule. Akasema basi tumshukuru Mungu, maana mgonjwa anageuza kurasa vizuri kuliko mzima.

Akanirudishia glavu mahali pake. Akafunga kamba kwa fundo la kufungia mizigo. Kisha akanigeuzia mgongo na mabega yakaanza kumcheza. Alikuwa anacheka! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nilipoanguka. Nilikuwa nimekasirika sana. Nilishukuru hata hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Kupimwa. Ubao una matundu tisa, vijiti tisa pembeni. Mkono mgonjwa uvichomeke vyote, kisha uvichomoe, huku Dada Viungo ameshika saa.

Posta: dakika moja na sekunde nane.

Mimi: dakika tatu kasoro kidogo. Vijiti viwili vilianguka. Cha tatu kikabiringika hadi chini ya kabati. Posta akainama akakiokota. Kwa mkono wake mgonjwa! Akanikabidhi na kusema pole, ndugu yangu. Huo si wema. Hayo ni majivuno yaliyochana nywele.

Sikulala mchana. Nikatengeneza mtihani wa wizi. Kipande cha sabuni ya kufulia, matundu tisa kwa msumari, njiti tisa za kiberiti. Nikajifungia bafuni. Njiti ni nyembamba kuliko vijiti vya hospitali, Mstaafu akatokwa na jasho. Mara ya kwanza, ya pili, ya thelathini. Mke wangu akagonga kuuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema linauma. Dhambi juu ya dhambi! Kujifunza mtihani kabla ya mtihani, Mungu atanisamehe baada ya tarehe 21, siku ya kupimwa mara ya mwisho.

Leo pia nimefungwa saa isiyo na mishale kwenye mkono wa kulia. Inahesabu mkono unavyotembea. Posta naye anayo.

Jumatatu, 10 Juni

Saa zimesomwa. Mkono wa Posta umechangamka siku zote nne. Wangu, Dada Viungo alisema kwa upole, umekaa sana. Umekaa! Baada ya njiti zote zile! Kumbe vidole havihesabiwi, saa inataka mkono wote, tangu bega, uende na kurudi. Na sikuweza kujitetea bila kutaja sabuni.

Posta akasema mbele ya watu kwamba siri ni kufagia uwanja. Hakuna aliyemuuliza.

Nikaenda dukani. Kaka wa mke wangu ndiye anayenishikia duka tangu niugue. Ana moyo mzuri, na ana mtindo mmoja tu wa nywele, anaougawa kwa wote, wazee kwa wachanga. Ila mkono wake wa kulia haupumziki kuanzia asubuhi. Unaona ninakoelekea?

Nikamwambia, shemeji, hospitali wametoa saa ya kupima uchovu wa vinyozi. Akajisikia amekumbukwa. Akanyoosha mkono mwenyewe. Nimemwachia mpaka Jumatano jioni. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Dada Viungo aliunganisha saa na kompyuta. Uso ukambadilika. Akamwita daktari. Daktari akamwita daktari mwingine. Wakasimama watatu wanatazama mistari, kisha wakanitazama mimi. Wakaniuliza taratibu kama nimewahi kupoteza fahamu. Nikasema hapana. Wakaniuliza leo ni mwezi gani.

Mistari ilionyesha mkono wa kulia unatetemeka. Si kutetemeka kwa kawaida. Kutetemeka kwa kasi, saa nane kwa siku, siku tatu mfululizo, ukipumzika kidogo tu kila baada ya dakika ishirini. Waliogopa ni kifafa kilichokuja baada ya kiharusi. Nikalazwa kitandani. Nyaya kifuani, nyaya kichwani, tochi machoni. Nikajiambia ninyamaze tu, wakikosa kitu watachoka wenyewe.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Walikuwa wamempigia simu mke wangu. Aliingia na ndala mguu mmoja, mguu wa pili peku, na uso ule. Ule ule wa siku niliyoanguka.

Hapo mchezo ukaisha. Nikasema, "Ni mashine ya kunyolea."

Nikaeleza yote: duka, shemeji, uchovu wa vinyozi. Daktari wa pili akatoka nje kwanza. Nilimsikia akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Dada Viungo hakucheka. Akavuta kiti.

"Baba, tukimaliza utafiti huu, yuko mama mahali ambaye hatujamwona bado, kapigwa na kiharusi kama wewe. Atavishwa glavu au hatavishwa kwa kutegemea haya tunayoandika. Unataka tumwambie nini?"

"Nifukuze, mwanangu."

"Sikufukuzi. Siku hizo tatu nazitoa, na naandika sababu. Kesho saa tatu uje."

Daktari akanitoa nyaya moja moja, akasema walau moyo wangu wameutazama na uko salama. Nikawashukuru wote, nikiwa kifua wazi, sina pa kuweka macho. Nje kwenye benchi Posta alikuwa bado amekaa, kofia yangu juu ya goti lake. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Akanikabidhi. Afadhali angecheka.

Mke wangu alitangulia mbele njia nzima. Mlangoni akasema, "Nilidhani umeniondokea." Basi. Akachukua glavu kunivalisha. Nilimwomba akaze fundo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeamka na moyo mweupe. Nikaenda kukiri na la sabuni. Nilibeba ushahidi kwenye mfuko: sabuni, njiti, kila kitu. Nikamweleza Dada Viungo kwamba tangu tarehe 6 nimekuwa nikiiba mtihani, mara mia kwa siku, bafuni, kwa mkono wa kulia.

Akaniuliza kama glavu nilikuwa nimeivaa. Nikasema ndiyo, ilinibana sana lakini ndiyo.

Akakaa chini. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kola ya koti lake jeupe. Akasema, "Baba, hayo ndiyo mazoezi yenyewe!"

Sikuelewa. Bado sielewi vizuri. Inaonekana kitu pekee nilichofanya sawasawa ndicho nilichodhani ni wizi. Alikiandika kwenye fomu, akaomba nisimwonyeshe mgonjwa mwingine mpaka utafiti uishe. Halafu akaniambia nifunge kifungo cha juu cha shati. Nikafunga. Tukatazamana. Nilikuwa nimekifunga kwa mkono wa kulia bila kufikiri!

Namshukuru yule binti. Namshukuru aliyemzaa.

Jumamosi, 15 Juni

Saa sita mchana, hodi. Posta, kavaa suruali iliyopigwa pasi, ndevu zimemjaa hadi shingoni. Nikajua amekuja kunisimanga nyumbani kwangu. Akasema amekuja kunyolewa.

Nikamwambia duka liko wazi, shemeji yupo. Akajibu kwamba amekuja kwa kinyozi, si kwa shemeji yake.

Nilikataa mara mbili. Mke wangu akatoka na kiti, taulo na mashine yangu ya akiba, ile ambayo nilidhani hajui ilipo. Wanawake hawa! Akaifunga kwenye kiganja cha kulia kwa kitambaa ili Mstaafu asiitupe. Glavu ikashika kichwa cha Posta upande wa pili, laini, hata akasema vinyozi wote wangekuwa nayo.

Dakika arobaini na tano. Jasho mpaka mgongoni. Mara mbili mkono uliteleza ukaenda kunyoa hewa. Mara ya tatu nilitaka kuacha. Posta hakutikisika, akawa anasimulia habari za mbwa waliomfukuza kazini, nyumba kwa nyumba, kila mbwa na tabia zake, mpaka nikasahau kuogopa.

Nikampa kioo. Sharafa ya kushoto iko juu ya mwenzake kwa upana wa kidole. Akajigeuza huku na huku.

"Kinyozi, nimekuwa kijana wa upande mmoja."

Tukacheka, wote watatu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile ya bahasha alimwomba Dada Viungo ampe glavu akakataliwa, bahasha ni bahasha. Nikamuuliza angeitaka ya nini, tabu yote hii. Akajibu kwamba amefiwa na mkewe mwaka wa tatu sasa. Watoto wako mbali. Wakati mimi nalalamika kwenye benchi kuhusu fundo, yeye alikuwa anawaza jinsi ilivyo vizuri kuwa na mtu wa kukufunga fundo.

Nikaenda jikoni kumwambia mke wangu tuko watatu mezani. Alikuwa ameshaweka sahani.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya mwisho ya glavu. Ubao, vijiti, saa.

Sekunde hamsini na mbili!

Posta: sekunde arobaini na tisa. Nilimpongeza kwa moyo safi. Sekunde tatu ni nini kati ya marafiki? Nimezifikiria mara chache tu tangu hapo.

Nikamuuliza Dada Viungo kama basi glavu imeshinda au imeshindwa. Akasema mtu mmoja si jibu, na watu wawili wenye ubishi si jibu pia. Watasubiri wagonjwa wote mpaka mwisho wa mwaka ndipo walinganishe. Ila kuhusu mkono wangu, akasema, anaweza kusema leo. Jumatatu ninarudi dukani, saa mbili kwa siku, mashine tu, wembe bado. Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Alinishika mkono wa kulia, nami nikamshika, na safari hii Mstaafu hakuachia. Tulitoka koridoni tukapangusa nyuso, kila mtu akisingizia vumbi.

Nimeshukuru kila mtu. Madaktari na nyaya zao. Msafishaji aliyevuta kabati kila vijiti vyangu vilipokimbilia chini yake. Shemeji, ambaye bado anauliza majibu ya uchovu wake. Mungu, mwanzo na mwisho.

Kabla hatujaondoka Dada Viungo akatangaza kwamba Julai unaanza utafiti mwingine, wa kusimama bila kuyumba. Mgonjwa anasimama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, wanahesabu sekunde. Posta alijiandikisha wa kwanza. Mimi wa pili. Nikaahidi mbele ya mke wangu na mbele ya Dada Viungo: safari hii ukweli mtupu, nimekwisha kujifunza. Nilimaanisha kila neno. Mke wangu alinitazama kwa macho ya upendo kabisa.

Wakati wa kurudi nilimwambia atangulie, nimsalimie fundi viatu. Kumsalimia tu. Tukaongea habari za afya. Katika mazungumzo nikamuuliza kama soli ya kiatu kimoja, kimoja tu, inaweza kupanuliwa ikafikia upana wa sinia dogo, kwa namna ambayo mtu anayetazama kutoka juu haoni.

Anasema Jumatano itakuwa tayari.